Vita ya Pasifiki: Mjapani alivunjwa nguvu Guadalcanal, si Midway

#1 Mleta mada

Wakuu, nianze na hoja yenyewe ili anayetaka kunipinga ajue pa kunikamata. Kila mjadala wa vita ya Marekani na Japani unapofika kwenye swali la iligeukia wapi, jibu la haraka huwa ni pigano la kisiwa cha Midway, Juni 1942. Sikatai kwamba Midway lilikuwa pigo zito. Ninachosema ni kwamba baada ya Midway Mjapani bado alikuwa anachagua mwenyewe pa kupigana, na bado alikuwa na jeshi la majini lenye uwezo wa kumpiga Mmarekani usiku wowote. Vyote viwili alinyang'anywa Guadalcanal, kisiwa kimoja cha Solomon, kati ya tarehe 7 Agosti 1942 na wiki ya kwanza ya Februari 1943. Mnivumilie, ni ndefu.

Kwanza chanzo. Japani ilikuwa vitani na China tangu 1937, na haikuwa na mafuta yake. Kama asilimia 80 ya mafuta iliyoyatumia yalitoka Marekani, nchi ambayo haikuitaka kabisa vita ile ya China. Julai 1941 majeshi ya Japani yakaingia kusini mwa Indochina. Marekani ikazuia mali zote za Japani zilizokuwa kwake, na mafuta yakakatika. Hapo Tokyo wakabaki na njia mbili: waondoke China, au wakachukue visima vya Waholanzi kule Sumatra na Borneo. Wakachagua visima. Pearl Harbor ilishambuliwa ili meli za Marekani zisiwaingilie wakati wanavichukua. Likumbukeni hilo la mafuta, tutalirudia.

Tarehe 7 Desemba 1941, Jumapili asubuhi, manowari sita za kubeba ndege zilirusha ndege zipatazo 350. Wamarekani 2,403 waliuawa, na 1,177 kati yao walikuwa mabaharia wa meli moja tu, Arizona. Lakini tazameni kilichobaki. Enterprise, Lexington na Saratoga, manowari zilizobeba ndege za Marekani katika Pasifiki, hazikuwemo bandarini siku ile. Matangi ya mafuta hayakuguswa, karakana za meli hazikuguswa, kituo cha nyambizi hakikuguswa. Admirali Yamamoto Isoroku, aliyeusukuma mpango huo mpaka ukakubaliwa, alikuwa amesoma Harvard na kuishi Washington kama mwambata wa jeshi la majini. Aliijua Marekani. Alishamwonya Waziri Mkuu Konoe kwamba angeweza kutamba miezi sita, pengine mwaka, na zaidi ya hapo hakuwa na la kuahidi.

Alitamba kweli. Singapore ikaanguka 15 Februari 1942, Java ikafuata Machi, kule Ufilipino Bataan 9 Aprili, Corregidor 6 Mei. Visima vya Palembang na Balikpapan vikawa mikononi mwake. Kwa miezi mitano hakuna aliyeweza kumsimamisha popote.

Mara ya kwanza kurudishwa nyuma ilikuwa Bahari ya Matumbawe, kaskazini mashariki ya Australia, mwanzoni mwa Mei 1942. Alikuwa anakwenda kuchukua Port Moresby, kule New Guinea. Ni pigano la kwanza la majini ambalo meli za pande mbili hazikuonana kabisa, kazi yote ilifanywa na ndege. Mmarekani alipoteza Lexington, na Yorktown ikaumia. Mjapani alipoteza Shoho iliyokuwa ndogo, lakini Shokaku iliumia vibaya na Zuikaku ikabaki na ndege chache, kwa hiyo zote mbili hazikwenda Midway mwezi uliofuata. Meli za kuteremsha askari zikageuza, Port Moresby ikasalimika.

Sasa Midway. Mjapani alitaka kukiteka kisiwa hicho kidogo ili manowari za kubeba ndege za Marekani zijitokeze azimalize. Asichojua ni kwamba kule Hawaii kulikuwa na kikosi cha kusoma mawasiliano ya siri kikiongozwa na Joseph Rochefort, na kilikuwa kimeshapata vipande vya kutosha vya mpango wake. Walijua shabaha inaitwa AF, hawakuwa na hakika AF ni wapi. Wakaitumia Midway agizo itangaze kwa redio, bila kuficha, kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya bahari umeharibika. Haikuchukua muda, Wajapani wakanaswa wakiambizana kwamba AF ina uhaba wa maji. Admirali Nimitz, mkuu wa meli za Marekani katika Pasifiki, akazitanguliza manowari zake tatu za kubeba ndege zikavizie. Mojawapo ilikuwa Yorktown, iliyorudi Pearl Harbor imepasuka na mafundi wakaiwezesha kuondoka tena baada ya siku tatu hivi.

Asubuhi ya tarehe 4 Juni ndege za Marekani za torpido, yaani makombora yanayokwenda majini, zilikwenda moja kwa moja kwenye risasi. Kikosi cha nane kutoka Hornet kilipoteza ndege zote 15, na kati ya wote waliokuwamo akapona mmoja. Hazikugonga kitu. Ila ndege za kinga za Mjapani zilivutwa chini na kutawanywa, na kama saa nne na nusu za asubuhi ndege za mabomu za Dauntless zikashuka kutoka juu bila wa kuzizuia. Akagi, Kaga na Soryu zikawaka ndani ya dakika chache. Hiryu iliponea, ikarudisha pigo kwa Yorktown, nayo ikapigwa mchana huohuo. Manowari nne kati ya sita zilizopiga Pearl Harbor zikaenda chini, na watu 3,057.

Ni habari ya kusisimua na ndiyo maana kila mtu huishia hapo. Lakini tazameni nani walikufa. Marubani na wenzao wa angani waliopotea Midway walikuwa kama 110. Wenzao wengi waliokolewa. Waliokufa kwa wingi ni mabaharia, pamoja na mafundi wa ndege zaidi ya 700. Marubani waliobaki bado walikuwa bora duniani kwa kazi ya baharini, manowari kubwa za mizinga hazikuguswa, na meli ndogo za kasi zilizofundishwa kupigana gizani zilikuwepo zote. Na Julai, mwezi mmoja tu baada ya Midway, vibarua wa Kikorea na wahandisi wa Kijapani walikuwa wanalima kiwanja cha ndege kwenye kisiwa cha Guadalcanal, Visiwa vya Solomon, ili wakate njia ya meli kati ya Marekani na Australia. Mtu aliyekwisha kushindwa hajengi kiwanja kipya mbele ya adui yake.

#2 Mleta mada

Naendelea. Hapa ndipo kwenye nyama ya mada.

Askari wa Marine wa Marekani wapatao 11,000 chini ya Jenerali Alexander Vandegrift walishuka Guadalcanal tarehe 7 Agosti 1942, wakakikuta kiwanja karibu kimekwisha na wajenzi wamekimbilia msituni, chakula kikiwa bado mezani. Usiku wa pili tu, tarehe 8 kuamkia 9, Admirali Mikawa akaja na meli zake gizani karibu na kisiwa cha Savo, akazamisha manowari nne, Quincy, Vincennes, Astoria na Canberra ya Australia. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, na Mikawa akaondoka bila kupoteza meli hata moja katika pigano lile. Hiyo ni miezi miwili baada ya Midway! Wanaosema Mjapani alikwisha Juni wanieleze Savo.

Meli za mizigo za Marekani zikaondoka na nusu ya shehena haijashushwa. Askari wakabaki na chakula kidogo, wakawa wanakula mara mbili kwa siku, na mchele mwingi waliokula ulikuwa wa Mjapani mwenyewe. Kiwanja walikimalizia kwa mashine alizoziacha Mjapani. Wakakiita Henderson, jina la rubani wao aliyefia Midway. Tarehe 20 Agosti ndege 31 za kwanza zikatua.

Wakuu, kiwanja kile ndicho kilichoamua kila kitu. Mchana, mwenye kiwanja ndiye mwenye bahari. Usiku, Mjapani ndiye mwenye bahari. Kwa hiyo kwa miezi mitano bahari ileile ilikuwa inabadili mwenyewe mara mbili kwa siku. Kituo kikuu cha Mjapani kilikuwa Rabaul, karibu kilomita 1,000. Ndege zake za Zero zilifika zikiwa na dakika chache tu za kupigana kabla mafuta hayajazilazimisha kurudi. Rubani wa Kimarekani akiangushwa aliweza kuangukia kwao, akatembea, jioni akawa kambini. Rubani wa Kijapani akijeruhiwa alikuwa na saa nne za bahari mbele yake.

Na njiani kulikuwa na macho. Wenyeji wa Solomon pamoja na Waaustralia wachache walijificha milimani Bougainville na kwingineko wakiwa na redio. Ndege zikipita, taarifa inafika Henderson mapema kiasi cha marubani kupanda juu na kuzisubiri. Watu hawa hawatajwi inavyostahili. Nimtaje mmoja, Jacob Vouza, sajini meja mstaafu wa polisi, mzaliwa wa kisiwa hicho. Agosti 1942 alikamatwa na askari wa Kanali Ichiki, wakamfunga kwenye mti, wakamhoji kuhusu ngome za Wamarekani, akakaa kimya. Wakamchoma visu vya bunduki mwilini na shingoni wakamwacha wakidhani amekufa. Akazitafuna kamba, akatembea na kutambaa hadi kwenye mstari wa Marine, akatoa habari za kikosi kinachokuja kwanza, ndipo akakubali kutibiwa. Alipona, na alifariki 1984. Ukoloni ulikuwa wa Mwingereza, ugomvi ulikuwa wa Mmarekani na Mjapani, na kisiwa kilikuwa cha Vouza.

Ichiki alikuja na watu kama 900 akiamini wanatosha. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti wakakimbilia kwenye bunduki za rashasha kwenye mdomo wa kijito, karibu 800 wakafia hapo. Ni kosa ambalo Mjapani alilirudia. Septemba akaja Kawaguchi na watu elfu kadhaa, akavunjikia kwenye kilima kinachoitwa Edson. Oktoba wakaja wengi zaidi, wakavunjikia msituni kusini mwa kiwanja. Kila mara alileta wachache kuliko waliohitajika, kwa sababu makamanda wake hawakuamini kwamba Mmarekani amekuja kukaa.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba manowari Kongo na Haruna zilikimwagia kiwanja makombora makubwa karibu 1,000 kwa saa moja na nusu. Ndege nyingi ziliteketea na mafuta karibu yote yakaungua. Kesho yake mafundi wakawa wanafyonza petroli kutoka kwenye ndege zilizovunjika ili chache zilizobaki ziruke. Zikaruka.

Halafu ikaja 26 Oktoba, Visiwa vya Santa Cruz. Ukisoma hesabu ya meli, Mjapani alishinda: Hornet ilizama na Enterprise ikaumia. Wasp ilishazamishwa Septemba na Saratoga ilikuwa inatengenezwa, hivyo Mmarekani akabaki na manowari moja tu ya kubeba ndege katika Pasifiki nzima, tena iliyojeruhiwa. Lakini Mjapani alipoteza watu wa angani 148 siku ile. Ilinganisheni na 110 wa Midway. Zuikaku haikuguswa, na bado ililazimika kurudi nyumbani kwa kukosa watu wa kurusha. Hii ndiyo namba inayonifanya niseme ninayosema. Mjapani aliwafundisha marubani wake wa kabla ya vita kwa miaka, akiwachuja kwa ukali wa ajabu, wakawa wachache na wazuri kupindukia. Hakuwa na utaratibu wa kuwarudisha nyumbani wakafundishe wengine. Mmarekani alimtoa rubani mzoefu vitani akampeleka chuoni, ili kila alichojifunza kwa damu kiwafikie vijana mia. Mjapani aliwatumia wake mpaka wafe, na wakafa juu ya Solomon, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki.

#3 Mchangiaji

Mkuu, uzi umeenda shule. Ila naona unaishusha Midway bila haki. Bila Midway, Mmarekani angethubutu vipi kushuka Guadalcanal? Manowari nne zile zingekuwepo Agosti, Vandegrift angefukuzwa baharini ndani ya wiki.

#4 Mleta mada

Ndugu yangu, hoja hiyo ni nzito na naikubali nusu. Midway ilisawazisha mizani. Kabla yake Mjapani alikuwa na manowari nyingi zaidi za kubeba ndege, baada yake wakakaribiana. Lakini mizani iliyosawazika bado haijaelemea upande wowote. Agosti hadi Novemba 1942 pigano lingeweza kwenda popote, na waliokuwepo walijua hivyo. Admirali Ghormley, kamanda wa Marekani wa Pasifiki Kusini, alikata tamaa kiasi kwamba Nimitz alimwondoa katikati ya Oktoba akamweka Halsey.

Nimalizie Novemba, maana sikufika. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Novemba meli za pande mbili zilikutana gizani zikiwa karibu mno, zikafyatuliana zikiwa zimechanganyikana. Wamarekani walipoteza maadmirali wawili usiku mmoja, Callaghan na Scott. Asubuhi Juneau iliyokuwa imejeruhiwa ikapigwa torpido, na ndugu watano wa familia ya Sullivan waliokuwa wanahudumu humo wakafa wote. Kwa upande wa pili manowari Hiei ilibaki bila usukani, kulipokucha ndege za Henderson zikaimaliza. Usiku wa 14 kuamkia 15 manowari Kirishima nayo ikazama. Admirali Tanaka alikuwa analeta meli 11 za askari na chakula. Zilizofika ufukweni ni nne tu, nazo alizipandisha mchangani makusudi, kulipokucha zikachomwa.

Kuanzia hapo askari wa Kijapani kisiwani walikuwa wanakufa njaa. Meli za kasi zilikuja usiku, zikatupa mapipa ya mchele yaliyofungwa kamba. Usiku mmoja mwanzoni mwa Desemba yalitupwa 1,500, yaliyookotwa ni kama 310. Mapema Februari 1943 walioweza kutembea, zaidi ya 10,000, wakatoroshwa kwa siri usiku, na kazi hiyo waliifanya kwa ustadi mkubwa. Walioachwa nyuma wamekufa ni zaidi ya 20,000, na maelfu mengi kati yao waliuawa na njaa na malaria. Tangu siku ile Mjapani hakupata tena nafasi ya kuamua Mmarekani apigane wapi. Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya vita kugeuka.

#5 Mchangiaji

Mimi ni wa Mombasa, niongeze la kwetu. Aprili 1942 zile manowari za kubeba ndege za Admirali Nagumo ziliingia Bahari ya Hindi zikapiga Colombo na Trincomalee, zikazamisha Hermes ya Waingereza. Admirali Somerville akauhamishia msingi wa meli zake hapa Kilindini. Hata wale wasomaji wa mawasiliano ya siri ya Kijapani waliletwa huku, wakafanyia kazi kwenye jengo la shule ya Allidina Visram. Wazee walikuwa wakituambia bandari ilijaa manowari mpaka huoni maji. Kwa hiyo hawa waliopigwa Midway Juni, Aprili walikuwa wametukaribia sisi.

#6 Mleta mada

Ahsante sana mkuu, na ni kweli tupu. Wale wa Kilindini ndio waliofungua maandishi ya siri ya meli za biashara za Japani. Na tarehe 30 Mei 1942, siku tano kabla ya Midway, nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia Diego Suarez, Madagaska, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Fikiria eneo lilivyo kubwa: wiki ileile Mjapani yuko Madagaska, yuko bandari ya Sydney, yuko njiani kwenda Midway na Visiwa vya Aleutian. Nguvu zilitandazwa nyembamba kila mahali. Baadaye vijana wetu wa Keya (King's African Rifles) walikwenda kupigana naye Burma, lakini ile ilikuwa vita ya Mwingereza, inastahili uzi wake.

#7 Mchangiaji

Umesema tulikumbuke la mafuta, mbona hujalirudia? Alivipata visima, yakaendaje?

#8 Mleta mada

Swali zuri mno. Visima alivipata, na vingi akavirudisha kazini haraka kuliko ilivyotarajiwa. Tatizo likawa bahari iliyo kati ya Sumatra na Japani. Mafuta yakiwa Palembang hayaendeshi kiwanda Osaka mpaka meli iyafikishe, na meli ndizo zilizowindwa.

Nyambizi za Marekani zilianza vibaya. Torpido zao zilipita chini mno ya shabaha, au zikagonga bila kulipuka, na wakubwa wa kiwandani wakawalaumu manahodha kwamba hawajui kulenga. Julai 1943 nyambizi Tinosa ilifyatua torpido 15 kwa meli kubwa ya mafuta, Tonan Maru, iliyosimama baada ya kugongwa na za mwanzo. Nyingi ziligonga, kimya. Nahodha akabakiza moja akairudisha Hawaii ikachunguzwe. Admirali Lockwood akaamuru nyingine zifyatuliwe kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, ndipo ikaonekana kipini cha kulipulia kilikuwa kinapinda kikigonga uso kwa uso. Kilipotengenezwa, mwisho wa 1943, meli za Japani zikaanza kwenda chini kwa kasi ya kutisha. Wanyambizi walikuwa chini ya asilimia 2 ya jeshi la majini la Marekani, lakini zaidi ya nusu ya tani za meli za biashara Japani ilizopoteza ni kazi yao. Nao walilipa, nyambizi 52 hazikurudi.

Sasa ona inavyoungana na marubani. Kwa kukosa mafuta nyumbani, mwaka 1944 meli za kivita za Japani ziliwekwa Tawi-Tawi, karibu na visima vya Borneo. Pale hapakuwa na kiwanja cha ndege cha kufanyia mazoezi, na nyambizi zilikuwa zinavizia nje, meli haziwezi kutoka. Vijana wenye miezi michache ya mafunzo wakakaa kwenye sitaha bila kuruka. Juni wakaitwa kwenda kupigana.

Na hapa kama mtaniuliza ni wapi kushindwa kulionekana wazi, nitasema Visiwa vya Mariana. Wamarekani walishuka Saipan, kimojawapo cha visiwa hivyo, tarehe 15 Juni 1944. Tarehe 19 Admirali Ozawa akarusha alichonacho. Marubani wa Kimarekani, wenye ndege mpya za Hellcat na rada, waliwasubiri wakiwa wameshapanda juu, na Mjapani akapoteza zaidi ya ndege 300 siku moja. Nyambizi zikazamisha Taiho na Shokaku. Taiho ilipigwa torpido moja tu, ila mvuke wa mafuta ukasambaa ndani ya meli nzima ikalipuka masaa baadaye. Saipan ilianguka Julai, na kwenye majabali ya kaskazini raia wengi wa Kijapani walijirusha na watoto wao kwa kuambiwa Mmarekani atawatesa. Waziri Mkuu Tojo alijiuzulu tarehe 18 Julai. Kutoka visiwa vile ndege za mabomu za B-29 ziliweza kufika Tokyo na kurudi, na Novemba zikaanza.

#9 Mchangiaji

Mimi niko Lubumbashi. Humu wote mnasahau Shinkolobwe. Madini ya urani ya bomu la Hiroshima yalichimbwa hapa Katanga kwa mikono ya watu wetu, na hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Hilo bomu si ndilo lililogeuza vita?

#10 Mleta mada

Ndugu, la Shinkolobwe hatupaswi kulisahau, na ni kweli sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka kwenu. Zaidi ya tani 1,000 za madini yake zilishapelekwa New York mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani.

Lakini bomu lilichangia kumaliza vita, halikuigeuza. Kufikia 6 Agosti 1945 Iwo Jima na Okinawa zilishaanguka, na Okinawa ilikula raia wengi kiasi kwamba hesabu zake bado zinaumiza. Usiku wa 9 kuamkia 10 Machi Tokyo ilichomwa kwa mabomu ya moto, wakafa watu wapatao 100,000. Yamato, manowari kubwa kuliko zote, ilizamishwa Aprili. Mafuta kutoka kusini yalikuwa yamekatika kabisa. Kilichobaki ni lini na kwa masharti gani. Hiroshima tarehe 6, Urusi ikatangaza vita tarehe 8, Nagasaki tarehe 9, Mfalme akasikika redioni tarehe 15. Kipi kati ya hayo kilimsukuma zaidi, wanahistoria wanabishana mpaka leo, na mimi naona kuingia kwa Urusi hupewa uzito mdogo kuliko inavyostahili.

#11 Mchangiaji

Kwa heshima zote mkuu, Guadalcanal, Midway, zote ni mapambo. Mmarekani alikuwa na viwanda. Angeshindwa mara kumi bado angeshinda.

#12 Mleta mada

Hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri. Kwa 1944 uko sahihi kabisa. Lakini tazama tarehe. Essex, ya kwanza katika zile manowari mpya za kubeba ndege, ilifika Pearl Harbor mwishoni mwa Mei 1943. Guadalcanal ilikuwa imekwisha miezi minne kabla. Waliopigana pale walitumia karibu kila walichokuwa nacho, kingi kikiwa cha kabla ya vita. Usiku wa 14 Novemba Halsey alizipeleka manowari Washington na South Dakota kwenye maji finyu ambayo manowari kubwa hazipaswi kuingia, kwa sababu hakuwa na nyingine za kupeleka. South Dakota ikakatikiwa umeme katikati ya pigano. Meli ndogo nne zilizotangulia zikapigwa zote, tatu zikazama. Ikabaki Washington peke yake, na Admirali Lee, aliyeijua rada kuliko wenzake wengi, akaipiga Kirishima kwa dakika chache kabla haijamwona.

Kama Lee angeshindwa, Henderson ingesagwa usiku ule na meli nne za Tanaka zilizobaki zingeshusha askari na shehena yao bila kuchomwa. Viwanda vingeleta meli 1943, sawa, lakini zingekuja kuanzia wapi? Kiwanja kingekuwa cha Mjapani, njia ya Australia ingekuwa mashakani, na marubani wazuri wa Rabaul wangekuwa bado hai. Pengine Mmarekani angeshinda mwishowe. Ingekuwa vita nyingine, ndefu zaidi, na hatujui watu wake wangekubali kuilipia hadi lini.

Anayetaka kutetea Leyte, lile pigano la Ufilipino la Oktoba 1944, aje na sababu za Admirali Kurita wa Japani kugeuza meli zake pale kisiwa cha Samar akiwa na ushindi mkononi. Hapo nina mengi ya kusema.